Zipu Tisa na Mteremko wa Theluji

Mimi ni fundi cherehani wa Rosettenville, hapa Johannesburg, na shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari kule Uvira. Anayetaka maelezo ya kisomi kuhusu theluji aulize kwingine. Ninachokijua kimeandikwa nyuma ya daftari langu la vipimo, baada ya viuno na mabega ya watu, na hata hapo siamini kila kitu. Ukurasa mmoja nimeandika kwamba ule mteremko ulikuwa mrefu kama ghorofa kumi. Ukurasa unaofuata nimefuta kumi nikaweka sita. Leo ningesema nane. Tuseme tu ulikuwa mrefu, na sisi tulitaka kuimba chini yake.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2015. Anayeishi Johannesburg anaijua Agosti: asubuhi unavaa makoti mawili, saa sita unayabeba mkononi, na upepo unakujaza vumbi mdomoni ukiwa bado unauliza bei ya nyanya. Baridi inaondoka lakini haijaaga.

Kwaya ya kanisa letu ilikuwa inatengeneza klipu, yaani video ya wimbo. Kwa wasiotujua, niseme kwamba kwaya ya Wakongo haitoi klipu kwa sare moja. Wimbo ni ule ule, dakika saba, lakini ubeti wa kwanza mnaonekana na sare hii, wa pili na nyingine, wa tatu na nyingine tena. Sare zikiwa mbili, watu wa kanisa la jirani wataangalia mpaka mwisho, kisha wataulizia, kwa upole kabisa, kama tulipatwa na msiba. Kwa hiyo huwa ni tatu.

Klipu hii ilikuwa ya mama mmoja ambaye wote tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa, hata wale wanaomzidi umri. Anasuka nywele karibu na Joubert Park. Miaka tisa alikuwa ameimba sauti ya pili, nyuma, upande wa kushoto, mahali ambapo kamera hufika ikiwa imechoka. Mara hii wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe na angeuimbisha mwenyewe.

Lakini kilichokuwa kinamuuma Yaya ni theluji. Miaka michache kabla, asubuhi moja, theluji ilianguka Johannesburg kweli. Mimi pia niliiona, ingawa dakika za kwanza nilidhani kuna jengo linaungua na yale ni majivu. Yaya aliitazama dirishani, akampigia mama yake kule Uvira, na mama akatoka nje kuutangazia mtaa. Mtaa ukacheka.

"Afrika Kusini si Afrika?" alisema jirani mmoja, mwanamke muuza makaa. "Theluji ipite juu ya vichwa vyetu sisi, iende kuwaangukia wao?"

Tangu siku hiyo yule mama akaitwa Mama Theluji. Kwenye bomba la maji wanamuuliza kama maji ya leo yana baridi ya kumtosha. Ana miaka sabini na kitu, na hakuwa amesema uongo. Yaya alimtumia picha aliyoitoa mtandaoni, muuza makaa akaitazama akasema, "Na mimi nina picha ya ndege. Basi nimepanda?"

Kwa hiyo ilibidi aonekane Yaya mwenyewe, ndani ya theluji, mdomo ukisogea na sauti ikiwa ni yake.

"Nataka mama anione nimeikanyaga," aliniambia nilipokuwa nampima mabega. "Halafu huyo wa makaa aseme tena."

Alhamisi moja redio ikatangaza kwamba theluji nyingi imeanguka kwenye milima ya Drakensberg. Ikatangaza pia kwamba joto linarudi haraka. Tukapiga hesabu: ni Jumamosi hii au ni mwaka ujao. Upande wa Lesotho theluji ni nzuri zaidi, lakini karatasi zetu za ukimbizi hazivuki mpaka, kwa hiyo tungeishia upande wa huku, chini ya mlima, saa nne za barabara kutoka Rosettenville.

Sasa nije kwenye kosa langu. Sare mbili za kwanza zilikuwapo: ya zambarau na ile ya kitenge. Ya tatu ilikuwa mpya, kazi yangu, magauni tisa meupe ya akina mama yenye kola ya dhahabu. Wanaume wanne walihitaji shati na tai tu, kwa hiyo wao hawamo kwenye dhambi hii. Alhamisi umeme ulikatwa jioni. Ijumaa ukakatwa tena. Hivyo ndivyo nilivyomweleza kila mtu baadaye, na ni kweli. Lakini kusema haki, Jumatano umeme ulikuwapo mchana kutwa, na mimi nilikuwa naangalia mpira.

Jumamosi alfajiri magauni yalikuwa na mikono, yalikuwa na kola, na hayakuwa na zipu hata moja. Pindo nilikuwa nimezipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi huwa anaifumua baadaye. Yaya akauliza mlangoni, "Fundi, ziko tayari?"

Nikasema, "Ziko tayari."

Nilikunja kila gauni ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga kwa gundi ya karatasi, nikawaambia wasiufungue kwa sababu ya vumbi. Zipu zote tisa zilikuwa mfukoni mwangu pamoja na sindano. Nilijidanganya kwamba nitazishona kwa mkono njiani.

Tulipanga kuondoka saa kumi alfajiri ili tufike theluji ikiwa bado ngumu. Tuliondoka karibu saa moja. Mpiga kamera wetu, Mrundi mmoja ambaye wiki nzima ni mlinzi wa duka na Jumamosi ni mtu wa sinema, alisahau betri ikabidi turudi kwake. Hizo zilikuwa kama dakika arobaini. Saa mbili zilizobaki ni zangu, kwa hiyo tusimlaumu yeye.

Njiani nilishona zipu moja. Niliiweka kichwa chini.

Dereva alikuwa mtu wa Lesotho anayekaa mtaa wetu, na sisi tunamwita Ntate, yaani baba, kwa heshima ya kwao. Amebeba Wakongo miaka mingi hata Kiswahili chake ni cha amri peke yake: funga mlango, punguza kelele, shuka. Utotoni alichunga kondoo kwenye milima hiyo hiyo. Hilo hatukumwuliza. Alitwambia mwenyewe baadaye, akiwa amekasirika.

Tulifika karibu saa sita. Nilitegemea baridi ya kutisha, nikakuta jua linalochoma shingo na watu wamevua makoti. Kila mahali maji yalikuwa yanatiririka chini ya theluji, huyaoni, unayasikia tu. Pale pa kuegesha magari theluji ilikuwa imekanyagwa na umati, imechanganyika na udongo. Kwaya ikavaa zambarau, ikaimba ubeti wa kwanza hapo hapo. Mrundi akatazama kamera yake kwa huzuni.

"Hii si theluji," alisema. "Hii ni matope yaliyonyunyiziwa sukari. Yaya, mama yako atachekwa upya."

Akaenda kutembea, akarudi anakimbia. Amepata mahali! Nyuma ya mwamba kulikuwa na kibonde, na juu yake mteremko mkali, mweupe wote, hata alama ya mguu hakuna. Upepo haufiki. Tulipopaona, wote tulisema "Ooo" kwa sauti nne, kama kawaida yetu. Yaya aliweka mkono kifuani. Mrundi akachukua spika kubwa ya kanisa, ile inayotoa muziki wa kuimbia, akaenda kuisimika katikati ya kibonde.

Ntate akaja nyuma yetu anakula mkate wetu, ile mikate midogo ya mafuta aliyopewa na akina mama. Akatazama juu. Akaacha kutafuna.

"Hapana," alisema. "Toka."

"Ntate, dakika kumi tu," alisema Yaya.

"Toka. Leo joto. Chini nyasi, nyasi imelowa, inateleza kama sabuni. Theluji juu yake nzito, imekunywa maji. Inakaa, inakaa, halafu inakuja yote." Akaonyesha kwa kidole. "Hivyo vidogo, mnaona?"

Tuliona. Kulikuwa na vibonge vya theluji, ukubwa wa embe, vinajiviringisha vyenyewe kutoka juu na kuacha mistari. Hakuna aliyevitupa. Tulikuwa tumeviona kabla na mmoja wetu alisema ni vizuri kwa klipu.

"Kwangu hivyo vimekula kondoo kumi na moja," Ntate alisema. "Jua kama hili. Mimi mtoto, nalia hapo chini, namwambia baba haikuwa mimi."

"Ntate anataka kurudi mapema aangalie mpira," alisema mama mmoja wa sauti ya tatu, na kwaya ikacheka.

"Anaogopa tutamlowesha viti!"

"Mwacheni, ana uchungu wa kondoo."

Yaya hakucheka. "Ntate, ndugu yangu," alisema, "juma lijalo hakutakuwa na theluji. Mwaka ujao mama yangu sijui. Dakika kumi. Mungu aliyetuleta hapa atashindwa na dakika kumi?"

Nami nilikuwa nimesimama pembeni na mifuko yangu tisa, iliyongoja kufunguliwa huko chini, na hapa sharti niandike polepole, kwa sababu sehemu hii nimeifuta mara nyingi.

Nilitazama juu kama Ntate. Karibu na ukingo wa mteremko niliona ufa, mwembamba, unaokwenda upande kwa upande, na ndani yake rangi ya kahawia ya nyasi. Mimi sijui milima. Lakini najua kitambaa kizito kinapokuwa kimeshikwa na bandi peke yake. Unakitundika, kinakaa vizuri, unakwenda kunywa chai. Kisha mshono wa kwanza unaachia, na huhitaji shule kujua yanayofuata. Ule ufa ulikuwa mshono wa kwanza. Niliamini hivyo kabisa.

Na wakati huo huo, kwa roho hiyo hiyo, nilifurahi. Kwa sababu wakikataa kibonde, tutarudi nyumbani, na tukirudi nyumbani hakuna atakayefungua mifuko. Nilijichunguza nijue ni lipi lilitangulia, ufa au zipu. Sikupata jibu. Nikafikiri: nikisema "tusiende", nitakuwa nasema kweli kama mwongo. Nikinyamaza, nitakuwa mwongo kabisa, na huenda na mazishi juu yake. Kwaya ilikuwa imeshaanza kushuka, wawili wawili.

"Ngojeni," nilisema.

Hawakungoja. Nina sauti ndogo.

"Magauni hayana zipu!"

Hapo walisimama wote. Hata Ntate alisimama.

"Nini?" alisema Yaya.

"Magauni meupe. Hayana zipu. Pindo ni za bandi. Moja lina zipu, iko kichwa chini. Nawaambia ili mjue kwamba mimi nina sababu ya kutaka turudi. Nina sababu mbaya. Lakini hata bila hiyo, Ntate ana haki. Tazameni ule ufa kule juu. Msishuke."

Nilidhani nimesema jambo la kiungwana na wazi. Nilidhani watatazama ufa. Hakuna hata mmoja aliyetazama ufa. Walipanda tena wote kutoka kule kibondeni, wakanizunguka.

"Fundi, uliniangalia machoni ukasema ziko tayari!"

"Gundi ya karatasi! Eti vumbi! Mimi nimebeba huo mfuko mapajani saa nne kama mtoto mchanga!"

"Zipu ziko wapi?"

Nikazitoa mfukoni. Hilo lilikuwa kosa jingine. Kuziona kuliwakasirisha zaidi.

"Jumatano nilipita kwako," alisema yule wa sauti ya tatu. "Mlango wazi, taa inawaka, unapiga kelele 'piga, piga!' Nikadhani unafukuza mwizi!"

"Ilikuwa mpira," nilisema.

"Amekubali! Amekubali!"

Yaya alikuwa mbele yangu kabisa, ndani ya zambarau, kidole chake kinanigonga kifuani kwa kila neno, na kila neno lilikuwa la haki. Nilihesabu tuhuma saba, na ninakubali sita na nusu. Alikuwa anasema, "Miaka tisa, Fundi, miaka tisa nimesimama nyuma," na machozi yalikuwa karibu, na hapo ndipo mlima ulipoachia.

Sauti haikuwa kubwa nilivyodhani maporomoko ya theluji yangekuwa. Ilikuwa kama mtu anavuta kitambaa kizito kutoka juu ya meza pana, fuuuu, moja, ndefu. Nikaona kupitia bega la Yaya mteremko mzima unashuka kwa pamoja, haujavunjika, kama godoro, kisha unakunjamana, unavunjika, na kibonde kinajaa. Upepo wa baridi ukatupiga usoni. Tulikimbia wote, kila mtu upande wake, wengine tukagongana. Ilipokwisha, mlima ulikuwa na doa kubwa la nyasi zilizolala, zinang'aa kwa maji, na spika ya kanisa haikuonekana tena.

Kisha Ntate akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko siku zote, "Sasa mnaweza kuendelea kumtukana."

Tulihesabiana mara tatu, tukafika kumi na sita kila mara. Mwanaume mmoja wa besi alitaka kwenda kufukua spika, Ntate akamshika mkanda wa suruali. Juu bado kulikuwa na kipande kimebaki, alisema, nacho kinasikia jua kama kingine. Yule wa besi akatii. Niseme pia, ili nisijivike sifa zisizo zangu: mimi sikumwokoa mtu. Ntate ndiye aliyejua. Waliokoka kwa sababu kunigombeza kulichukua muda, na muda huo waliutoa wao.

Yaya alikuwa amekaa juu ya jiwe. Nilimwendea kuomba radhi, akainua mkono.

"Muziki uko kwenye spika," alisema. "Spika iko chini. Basi nimwambie mama nini? Kwamba theluji niliiona tena, na tena sina ushahidi?"

Ntate akasikia. Akatutembeza mpaka uwanja mmoja mtambarare karibu na ua wa waya, mbali na kila kilima, theluji bado safi, inafika kwenye kifundo cha mguu. Akaupima kwa macho pande zote nne, akasema, "Hapa. Hapa hata mkitaka kufa hamwezi."

"Bila muziki?" aliuliza Mrundi.

"Kwetu Uvira tuliimba na nini?" Yaya alijibu, akasimama. "Fundi! Leta hayo magauni yako yenye aibu."

Waliyavaa meupe juu ya sweta; kitenge hakuna aliyekikumbuka. Nyuma yote tisa yalikuwa wazi, hata lile lenye zipu, kwani kichwa chini haikukubali kufunga. Nilikuwa na pini ishirini na kitu, nikazigawa, na bado hazikutosha. Wimbo una mahali ambapo kwaya hugeuka kwa madaha, wakakubaliana kwamba siku hiyo hakuna kugeuka. Gauni la Yaya lilikosa pini kabisa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema wengine wapewe kwanza. Kwa hiyo nilipiga magoti nyuma yake kwenye theluji, nimejikunja kamera isinione, nimeshika pande mbili za gauni lake kwa mikono yote miwili, dakika saba. Magoti yalilowa, kisha yakauma, kisha sikuyasikia. Yaya aliimba. Bila spika sauti yake ilitoka kavu mwanzoni, kisha ikafunguka, na wenzake wakaingia chini yake, na watu wa magari mengine wakaacha kuteleza juu ya mifuko yao ya plastiki wakaja kusimama. Sijui kuandika muziki. Najua tu kwamba nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka kati ya ngumi zangu, na sikuthubutu kukohoa.

Klipu ikaenda Uvira siku iliyofuata. Lakini ikaenda na nyingine, ambayo hakuna aliyeipanga. Mrundi alisahau kuzima kamera pale tulipokuwa tunagombana. Iko yote: mimi nimeshika zipu kama shada la maua, kidole cha Yaya, "piga, piga," na nyuma yetu mlima unashuka. Mmoja wa kwaya akaituma kwenye kundi letu la simu, na kutoka hapo ikasafiri bila ruhusa ya mtu.

Baada ya juma moja Yaya alikuja kibandani kwangu na gauni lake, akakaa kwenye kigoda, akaniambia angengoja hapo hapo mpaka zipu iingie, na sehemu ya juu iwe juu. Nilipokuwa nashona akauliza, bila hasira, "Kama ungekuwa umezimaliza, ungesema kitu siku ile?"

Nilifikiri mpaka mwisho wa mshono.

"Sijui, Yaya."

"Ungejibu ndiyo, ningehamia kwa fundi mwingine," alisema. Kisha akatoa simu, akaniwekea sauti ya mama yake.

Mama alikuwa anacheka kabla hajaanza. Alisema klipu ya kuimba ilipigwa kwenye kila simu ya mtaa, na sauti ya binti yake wameisikia mpaka sokoni. Lakini watu walitaka ile ya ugomvi. Muuza makaa alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akakaa kwenye mkeka. Hakujua yatakayotokea. Mlima ulipoachia nyuma ya mgongo wa Yaya, alipiga yowe, akamshika mama mkono wote, akauliza, "Mtoto amepona? Niambie, mtoto amepona?"

"Na mimi nilikuwa najua umepona," sauti ya mama ilisema kwenye simu. "Lakini nilimwacha anishike kwanza. Nikamwambia, tulia, mama, hiyo ni theluji tu."